Serchi ya ardhi Dar kwa magofu ya ufukweni: inakupa nini, inakunyima nini

Ukiuliza gofu la ufukweni ni la nani, iwe Msasani au Kigamboni, dalali yeyote atakujibu: kafanye serchi. Ni ushauri mzuri, ila ni nusu ya kazi. Serchi, yaani upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, hujibu swali la nani anamiliki leo. Historia ya nyumba imo kwa vidokezo tu, na pesa unayolipa ina faida kwa kadiri unavyojua kuvisoma.

Kwanza, namba. Bila namba ya kiwanja na kitalu hakuna upekuzi. "Lile jumba jeupe la mbele ya hoteli" halifungui jalada. Anzia serikali ya mtaa. Wasipokuwa nayo, tafuta bikoni kwenye pembe za kiwanja: kigingi cha chuma ndani ya zege, chenye herufi na tarakimu. Zisugue kwa brashi, zipige picha, umpe mpima aliyesajiliwa azioanishe na ramani ya upimaji. Anza na pembe za upande wa barabara. Za upande wa bahari mara nyingi zimefukiwa na mchanga au kung'olewa na maji, hasa Kunduchi, ambako bahari imekula ufukwe kwa miongo mingi. Ukishapata namba, hatua zinazobaki ni nyepesi: ombi, kontroli namba, malipo kwa simu au benki, kisha kusubiri.

Ripoti yenyewe ni fupi: jina la mmiliki, ukubwa, matumizi, muda wa umiliki, na mizigo iliyosajiliwa kama rehani na mazuio. Wengi husoma jina wakaikunja. Hasara yao, maana utamu uko kwenye muda. Milki zetu za kawaida ni za miaka 33, 66 au 99. Ukikuta miaka 99 inayoanzia 1963, simama hapo. Mwaka huo umiliki wa moja kwa moja, usio na ukomo wa muda, uligeuzwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa haki ya kumiliki. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa na hati ya zamani, na ufuatiliaji unarudi enzi za Waingereza, pengine za Wajerumani. Hapo uwe macho: baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mali za Wajerumani zilishikwa kama mali ya adui na kuuzwa, hivyo mmiliki wa miaka ya 1920 huenda hata tofali moja hakuliweka. Kidokezo kingine ni jina la Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyoshika majengo yaliyotaifishwa. Sheria ya 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Mwaka 1990 shughuli za Msajili huyo zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa, na huko ndiko pa kuuliza.

Kasoro kubwa ya huduma hii ni jibu la "hakuna kumbukumbu". Halina maana kwamba ardhi haina mwenyewe. Kiwanja chenye ofa tu, yaani barua ya kumilikishwa, bila hati iliyosajiliwa, hakionekani kwa Msajili. Jalada lake liko halmashauri. Matapeli wanalipenda sana jibu hilo. Usilipe hata senti kabla ya kupekua pande zote mbili.

Kwa historia hasa, Nyaraka za Taifa pale Upanga ni bora mara nyingi zaidi, mradi una kibali cha utafiti na subira. Majalada ya serikali ya Wajerumani yapo, lakini mengi yameandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani. Mtu aliyesoma Kijerumani cha darasani hatatoka na mstari mmoja. Tafuta kwa majina ya mitaa ya wakati husika. Samora iliitwa Independence Avenue, na kabla ya hapo Acacia Avenue. Ocean Road ikawa Barack Obama Drive mwaka 2013. Anayetafuta jina la leo tu atarudi mikono mitupu.

Kisha linganisha karatasi na kuta. Mawe ya matumbawe kwa chokaa na dari ya boriti za mikoko ni ujenzi wa kale wa pwani. Vyumba vyake ni vyembamba, kama mita 3, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Boma la Kale la Sokoine Drive, la miaka ya 1860, ni darasa zuri la kuzoesha macho. Matofali ya saruji na nondo ni ya baadaye sana: chumvi hupenya, nondo hushika kutu na kuvimba, zege linapasuka na kudondoka kwa vipande. Nyumba ya namna hiyo huonekana kuukuu kuliko umri wake. Na usisimame chini ya baraza lake unapopiga picha.