Unga wa protini usio na sukari bandia: bandua stika kwanza

Mwezi uliopita nililipa shilingi 185,000 kwa kopo la unga wa protini, ladha ya vanila, kwenye duka moja hapa katikati ya jiji la Mwanza. Nilikuwa namnunulia mama. Ametoka kuugua, hamu ya chakula haijarudi, na daktari alituambia aongezewe protini. Muuzaji aliniapia kwamba hauna sukari bandia hata chembe. Asubuhi nikautia kwenye uji wa ulezi. Mama akapiga mafunda mawili, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, uji huu umetiwa nini? Utamu umenikaa kooni kama dawa."

Nikaligeuza kopo. Mwisho wa orodha ya viambato palibandikwa stika ya bei. Nikailowesha kwa maji ya moto, nikaikwangua kwa ukucha, herufi zikaanza kutoka moja moja: sucralose, yaani sukralosi, sukari bandia yenyewe.

Hapo ndipo tunapoliwa. Kila mtu anauliza kijiko kimoja kina gramu ngapi, hakuna anayeangalia stika imekaa wapi. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza. Sukralosi ina utamu wa kama mara 600 ya sukari, kwa hiyo inayotiwa ni kidogo mno na jina lake linaangukia mkiani kabisa, palepale stika ilipobandikwa. Sisemi kila muuzaji anakusudia. Lakini kopo lina mfuniko, lina kitako, kwa nini stika iende kwenye viambato?

Maneno ya kutafuta ni sucralose, acesulfame K, aspartame na saccharin. Yakiandikwa kwa namba ni E955, E950, E951 na E954. Maandishi makubwa ya mbele kwamba hakuna sukari iliyoongezwa yasikutulize, maana utamu unaweza kuwa umetoka huku kwingine. Na usinunue kwa kuamini jina la kampuni peke yake. Kampuni ileile inaweza kuuza unga usio na ladha ulio safi, na wa vanila wenye sukralosi, makopo yakifanana kama mapacha.

Kwangu namba moja ni Naked Whey isiyo na ladha, na sifichi kwamba naipendelea. Kiambato ni kimoja tu, protini ya maziwa, basi. Gramu 30 za unga zinakupa gramu 25 za protini. Kwa kuwa haina lesithini, kile kiambato kinachosaidia unga kuchanganyika na maji, inaganda mabonge ukiimwaga tu, na kwenye uji unaochemka ndiyo inakatika kabisa kama maziwa yaliyoharibika. Ianze na maziwa ya baridi vijiko vitatu vinne, ikoroge mpaka iwe laini, kisha uimimine kwenye uji uliokwisha kupoa kidogo. Mama anamaliza kikombe sasa, na hajui kama kuna kitu ndani.

Ya pili ni NOW Sports Whey Protein Isolate, nayo ile isiyo na ladha. Imechujwa zaidi, laktosi, yaani sukari ya maziwa, ni kidogo, kwa hiyo anayejaa tumbo akinywa maziwa aanze na hii. Ina lesithini kidogo, inakorogeka upesi.

Ya tatu naiweka shingo upande: unga uliotiwa stevia. Stevia inatoka kwenye majani, si sukari bandia, ila inaacha uchungu kwenye ulimi, na mgonjwa atakwambia siku ya kwanza.

Mfuko ukikubana, chukua unga wa soya uliokaangwa vizuri au dagaa wa soko la Kirumba Mwaloni waliokaushwa kwenye vichanja, si mchangani, kisha wakasagwa. Unga wa protini wa kupimiwa kwa kilo kwenye mfuko usio na maandishi, hapana. Sitaujadili.

Kuhusu bei nina donge. Kopo lilelile ndugu yangu aliliulizia Dar, likawa pungufu kwa shilingi 60,000. Kulituma kwa basi mpaka Mwanza wanataka 10,000. Hiyo 50,000 iliyobaki inalipia nini? Ukiuliza unaambiwa dola imepanda, kana kwamba Dar wananunua kwa shilingi.

Niliporudi dukani na kopo langu niliambiwa likishafunguliwa halirudishwi. Nikaomba nionyeshwe jingine, na stika ibanduliwe mbele yangu kabla sijatoa hela. Kijana wa kaunta akasema, "Dada, utaniharibia mzigo." Nikaliacha palepale kaunta. Sasa naagiza Dar, na kabla sijatuma pesa ndugu yangu ananipigia picha upande wa nyuma, karibu kiasi cha kusomeka mpaka neno la mwisho.