Tahadhari kwa wanaonunua gitaa la kwanza: jihadharini na gitaa lililovishwa nyuzi zisizo zake

Wazazi na vijana wa Unguja na Pemba mnaotafuta gitaa la kuanzia, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Kuna wauzaji wa kuogopwa wa aina mbili. Wa kwanza anakula pesa na kupotea. Wa pili anakuletea kitu kweli, kina umbo la gitaa, kinang'aa, kina na mfuko wake, ila hakipigiki. Huyu wa pili ndiye mbaya zaidi. Aliyeibiwa pesa anajua kaibiwa; aliyeuziwa gitaa bovu hukaa miezi akidhani vidole vyake ndivyo vibovu, mwisho analitundika ukutani na kusema muziki si fungu lake.

Ujanja unaowanasa wengi ni huu: linachukuliwa gitaa la klasiki, lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni, linavishwa nyuzi za chuma. Za chuma zinalia kwa nguvu pale dukani, na mnunuzi mgeni anapenda mlio mkali. Tatizo ni mvuto. Nyuzi sita za nailoni zikityuniwa sawasawa, yaani zikikazwa hadi kila mmoja utoe sauti yake, huvuta kwa jumla kama kilo 40. Seti ya kawaida ya chuma, ile ambayo uzi wake mwembamba kuliko wote una unene wa inchi .012, huvuta zaidi ya kilo 70. Yaani umelitwika gitaa mzigo unaoshinda gunia la mchele la kilo 50, wakati ubao wa kifua chake ni mwembamba, mbavu zake za ndani hazikupangwa kwa uzito huo, na shingo yake mara nyingi haina chuma cha kuinyoosha ndani.

Madhara hayaonekani siku hiyo, na hapo ndipo muuzaji anapojificha. Baada ya wiki kadhaa daraja, kile kibao cha kifuani kinachoshika nyuzi, huanza kunyanyuka upande wa nyuma. Kifua hutoa tumbo, shingo hupinda mbele kama upinde, na nyuzi hupanda juu. Masika yakishika, unyevu unailegeza gundi na ubao unavimba, mambo huenda mbio zaidi. Ukirudi dukani utaambiwa umeliweka pabaya.

Kulitambua si kazi. Kichwa cha gitaa la klasiki kina matundu mawili marefu, na ndani yake vijiti, aghalabu vyeupe vya plastiki, vinavyozungushiwa nyuzi. Shingo yake ni pana, kama milimita 52 pale juu kwenye nati, kile kipande chenye mikato sita ambapo nyuzi zinaingia shingoni zikitoka kichwani. La chuma huwa kama 43. Shingo hukutana na mwili kwenye freti ya 12 (freti ni vile vichuma vyembamba vilivyokatiza shingo, huhesabiwa kuanzia kwenye nati), la chuma kwa kawaida kwenye ya 14. Kwenye daraja la klasiki uzi hupita kwenye kitundu na kufungwa fundo. La chuma mara nyingi lina vipini sita vinavyokandamiza nyuzi. Yapo ya chuma yasiyo na vipini, kwa hiyo usihukumu kwa alama moja tu. Lakini kichwa chenye matundu, shingo pana na mafundo darajani vikikutana na nyuzi za chuma, hilo limevishwa nguo ya mwenziwe. Muuzaji akisema "nyuzi zote sawa tu", ama hajui anachouza au anajua sana.

Pima pia urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti. Huhitaji kifaa cha fundi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, basi azima kadi za jamaa ulionao. Zipange pamoja, zilaze juu ya freti ya 12 chini ya uzi mnene kuliko wote, bila kuubonyeza. Kwa gitaa la chuma, kadi tatu zikipita kwa kugusa uzi, hapo ni pazuri. Nne, linarekebishika. Tano zikipita na nafasi ikabaki, liache. La nailoni hukaa juu zaidi kwa asili yake: kadi tano ni kawaida, sita kataa. Msidanganyike na maneno kwamba nyuzi zilizo juu "zinakomaza vidole". Uzi ulio juu ukibonyezwa unavutika, na uzi uliovutika unapanda sauti, hivyo hata kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) uliyoishika sawa inatoka imepinda.

Kisha freti zenyewe. Hapa waliozoea taarab waelewe tofauti: mpiga udi au fidla akikosa sauti husogeza kidole kidogo, ikakaa. Gitaa halina msamaha huo. Freti iliyopigiliwa pasipo pake itakosea milele, na yapo magitaa ya bei chee, zaidi yale madogo ya rangirangi yaliyo karibu na kitu cha kuchezea, ambayo freti zake hazikupimwa. Chukua utepe wa fundi cherehani. Kutoka kwenye nati hadi freti ya 12, na kutoka freti ya 12 hadi kwenye mfupa wa daraja (kile kipande chembamba cheupe kinachobeba nyuzi), vipimo vikaribiane sana. Upande wa daraja unazidi kidogo, milimita 1 au 2 kwenye uzi mwembamba na hadi 5 hivi kwenye uzi mnene. Gitaa la klasiki la saizi kamili lina milimita 650, kwa hiyo freti ya 12 iko kwenye 325. Freti ya 5 huangukia takriban kwenye robo ya urefu wote wa uzi, ya 7 kwenye thuluthi. Zikiwa mbali na hapo, hakuna kutyuni kutakakoliponya.

Usiondoke bila kulisikiliza. Pakua programu ya kutyuni kwenye simu, ziko za bure, utyuni nyuzi kutoka mnene kwenda mwembamba: E, A, D, G, B, E. Uzi A usome hezi 110. Kisha gusa tu uzi juu ya freti ya 12 utoe ule mlio wa kengele, halafu ubonyeze hapohapo na upige. Sauti mbili hizo ziwe moja. Nusu-toni, yaani hatua ya freti moja hadi ya jirani, hugawanywa vipande 100 viitwavyo senti. Tofauti ikizidi senti 10 hivi, sikio litalalamika. Vuta nyuzi taratibu kwa mkono, tyuni tena, kaa dakika kumi ukizungumza na mwenye duka, kisha upime upya. Nyuzi mpya za nailoni hulegea siku za mwanzo na si kosa la gitaa. Ila kifunguo cha kichwani kinachokaza uzi kikizunguka bila uzi kuitikia, au kinarudi chenyewe, meno yake yamekwisha. Piga kila uzi kwenye kila freti hadi ya 12, milio 72 tu. Palipo na mkwaruzo au uzi unaokufa, mwonyeshe muuzaji wakati pesa bado iko mfukoni mwako.

Kwa yale yaliyotumika yanayoshuka na kontena, tazama zaidi mbao. Ingiza ukingo wa karatasi nyuma ya daraja; ukipenya chini yake, gundi imeachia. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, uangalie freti ya 7: nafasi ya karatasi mbili au tatu za fotokopi ni sawa, ikitosha kupitisha kadi ya benki shingo imepinda. Vitundu vidogo vyenye unga ndani ya tundu la sauti, lile kubwa la kifuani, maana yake mbao imebunguliwa na wadudu, na wadudu hao wataingia hata kwenye kabati lako. Kutu kwenye nyuzi si hoja, hewa ya chumvi haimwachi mtu, nyuzi hubadilishwa.

Kuhusu majina makubwa. Gitaa lenye neno Gibson, kampuni ya magitaa ghali ya Marekani, kwa bei ya baiskeli kuukuu halihitaji uchunguzi mrefu, ila kwa wabishi: kwenye Les Paul halisi, modeli maarufu ya umeme ya Gibson, kifuniko kidogo kilicho kichwani kinashikwa na skrubu mbili, bandia nyingi zina tatu. Yamaha nayo inaigizwa sana kwa sababu ndiyo wazazi wanayoijua. Tazama karatasi ndani ya tundu la sauti, modeli na namba viwe vimechapwa vizuri, kisha ulinganishe umbo la kichwa na daraja na picha za kampuni yenyewe. Bora gitaa lisilo na jina lililopita vipimo vya juu kuliko jina la kubandika.

Wanaotaka gitaa la umeme pamoja na ampu (mashine ya kukuza sauti yake) iliyotumika: geuza ampu usome kibati cha nyuma kabla ya kuichomeka. Iliyotoka Japani hutaka volti 100, ya Marekani 120. Umeme wetu ni 230. Iliyoandikwa volti 100 peke yake ikichomekwa moja kwa moja ukutani inaungua, na muuzaji atakwambia ilikuwa nzima ilipotoka kwake, ambayo ni kweli.

Sasa yule wa kwanza, anayeuza kwa picha. Tangazo linasema gitaa liko Dar es Salaam, litakuja na boti, tuma arubuni lihifadhiwe kwa kuwa "wateja ni wengi". Picha ni nzuri mno. Nyingine nyuma ya gitaa kuna dirisha na theluji nje, na huyo anasema yuko Kariakoo. Mwambie apige picha mpya yenye karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo na neno utakalomchagulia, gitaa likionyesha kichwa, daraja na karatasi ya ndani. Omba simu ya video, atyuni mbele yako. Mwenye mali dakika tano zinamtosha. Tapeli atakuwa msibani, au kamera imeharibika.

Ukifika kulipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa si la yule unayezungumza naye, simama. "Hiyo ni simu ya shemeji" si jibu. Wengine hupokea arubuni kisha wanarudi: mzigo umekwama bandarini, ongeza elfu ishirini ya ushuru. Malipo ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba yenye risiti, hayatumwi kwenye simu ya mtu. Walioko Pemba wanaumia zaidi, maana wanaagiza bila kuona, na mzigo unaobadilisha boti Unguja kwenda bandari ya Mkoani hukosa mtu wa kuulizwa. Afadhali umwombe ndugu aliye mjini alikague yeye kwa vipimo hivi, akulipie, akupakilie. Ukinunua mitaa ya Darajani au Mlandege, lipa dukani mchana na udai risiti yenye jina la duka na maelezo ya gitaa. Kama humjui mpigaji yeyote, waulize walimu wa DCMA, chuo cha muziki cha pale mjini. Kumpa mwalimu nauli aje akutazamie ni rahisi kuliko kununua mara mbili.

Uliyekwisha kutuma pesa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako hapohapo kabla hazijatolewa, usifute ujumbe wowote, toa taarifa polisi, na namba ya tapeli uitume kwenda 15040. Kwa duka linalouza bandia, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ya Zanzibar, na bila risiti huna cha kuwaonyesha.

Uliye nalo tayari lile la klasiki lenye nyuzi za chuma, zilegeze leo hii, zote kidogo kidogo kwa zamu, usikate mmoja ukiwa umekaza. Weka za nailoni, uliache siku chache litulie, kisha pima tena kwa kadi. Bado zikiwa juu, chomoa ule mfupa mweupe wa daraja na usugue upande wake wa chini kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Kila milimita unayotaka kushusha kwenye freti ya 12, punguza mbili kwenye mfupa. Nenda polepole na upime kila mara. Mfupa ukibaki chini ya milimita 2 juu ya kibao na nyuzi bado ziko juu, acha kusugua: ubaya uko kwenye shingo, na fundi wa kuing'oa na kuibandika upya atakutoza zaidi kuliko ulivyolinunulia.