Kozi ya homiopathi Kampala, mwaka mzima jioni

Jamani nimemaliza hii kozi ya homiopathi, ile tiba mbadala ya dawa zilizozimuliwa mno, kila jioni boda toka Wandegeya, chuo silitaji jina. Mwalimu yuko vizuri, huyo Hahnemann wa Ujerumani, mwanzilishi wa homiopathi, anamwelezea kama mjomba wake, na dawa tulitengeneza wenyewe: tone moja kwa matone 99 ya spiriti, unagonga kichupa, unachukua tone la mchanganyiko huo na kurudia hivyo hivyo, jumla mara 30, mpaka kiganja kinauma, na ukipiga hesabu hapo hata chembe ya dawa haijabaki, nilipouliza darasa zima likacheka. Shida cheti. Walituambia tutafungua kliniki, kumbe kuna sheria ya tiba asili na mbadala ya 2019 inataka usajiliwe, wao kimya kabisa! Ulizeni kabla hamjalipa ada. Mandazi ya mapumziko lakini, matamu balaa.