TAHADHARI: Muuzaji wa Kariakoo wa nyaya za muziki aliyenichukulia shilingi 2,490,000

Naandika haya nikiwa na hasira, na kwa kweli aibu inaizidi hasira, kwa sababu mtu aliyefundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne kwa miaka 22 hakupaswa kutoa shilingi 850,000 kununua waya wa umeme wa amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti ya muziki, wenye urefu wa mita moja na nusu. Nilitoa. Nikaongeza 1,400,000 kwa nyaya za spika, na 240,000 kwa vigoda vinne vya mbao vya kuinulia nyaya hizo zisiguse sakafu. Wenzangu wa kikao cha Jumapili mnajua fedha hizo zilikuwa za kazi gani, na Mama Zuhura mpaka leo hajanisamehe.

Chumba cha muuzaji huyo kilikuwa ghorofa ya pili, zulia nene chini, mapazia mazito pande zote, kiyoyozi kisichotoa hata mlio. Alinipokea kwa shikamoo, akanikalisha kwenye kiti kilichokuwa peke yake mbele ya spika mbili, akaniagizia kahawa na kashata, kisha akaniomba ile santuri ya dansi ya marehemu baba niliyokuja nayo. Aliifuta vumbi kwa brashi taratibu mno, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Tulisikiliza upande mzima kwa waya wa kawaida. Akazima amplifaya, akainama nyuma ya kabati, akachomoa waya ule, akachomeka mwingine mnene wa zambarau uliosukwa kama ukili na kuchorwa mshale wa dhahabu, akawasha, akaweka mkono kwenye kitufe cha sauti, kisha akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Ndugu zangu, tumba zilisogea mbele! Nilisikia vidole vya mpiga besi vikiteleza juu ya nyuzi, jambo ambalo katika santuri ile sikuwahi kulisikia tangu utoto wangu, na kabla hajaniuliza chochote nikasema mwenyewe kwamba sauti imefunguka. Akatabasamu, akasema, “Mwalimu, masikio kama yako ni machache mjini hapa.” Hapo ndipo nilipouzwa mimi, wala si waya.

Msidhani niliingia kichwakichwa. Hakunisukuma ninunue, aliniambia niende nyumbani nikafikiri, na mimi ndiye niliyerudi kesho yake. Aliyenielekeza kwake ni yule rafiki yetu wa Ilala, ambaye kwa mambo ya spika sote humsikiliza. Isitoshe, muuzaji alianza na ukweli mtupu: kwamba waya mwembamba ukiwa mrefu hula nguvu ya umeme, na kwamba umeme wa mtaani kwetu hupanda na kushuka, nami friji yangu iliungua kwa sababu hiyo hiyo. Kutoka hapo akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka tukafika kwenye waya “unaosafisha umeme,” na sikujiuliza umeme uliosafiri kwenye nguzo mtaa mzima, kisha ukapita ndani ya ukuta wangu kwenye nyaya za kawaida kabisa, utasafishwaje na mita moja na nusu ya mwisho. Nilipouliza maana ya mshale, alijibu kwamba unaonyesha upande ambao umeme hupenda kupita. Umeme wa majumbani hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde. Nimeliandika hilo ubaoni mwaka baada ya mwaka, nililijua nikiwa nimekaa pale pale, na bado nikatikisa kichwa kukubali.

Nyumbani, kwenye vigae na madirisha ya vioo, muziki ulikuwa ule ule wa siku zote. Nilimpigia simu, akasema waya lazima uzoee kwa saa 200. Mimi husikiliza saa mbili kila jioni, maana yake siku 100, ilhali karatasi yake inaruhusu kurudisha bidhaa ndani ya siku saba. Hesabu hiyo nilikuja kuifanya siku ya tisa.

Mpwa wangu alitundika shuka mbele ya kabati, akawa anabadilisha nyaya bila mimi kuona, mara kumi. Nilipatia tano, sawa na kubahatisha. Mara ya sita hakubadilisha kitu, aligusa plagi tu ili nisikie mlio wake, nami nikaisifu besi kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Kisha akapandisha sauti kidogo mno, kiasi ambacho sikutambua kuwa imepanda, na nikapiga kelele kwamba hiyo ndiyo sauti ya Kariakoo. Ndipo nikaukumbuka ule mkono kwenye kitufe. Akanisimulia kwamba mwaka 2007 Mmarekani James Randi, aliyekuwa mwanamazingaombwe, alitangaza kwamba zawadi yake ya dola milioni moja iko wazi kwa yeyote atakayetofautisha kwa sikio tu nyaya za spika za dola 7,250 na nyaya za kawaida. Mpango wa zawadi hiyo ulifungwa mwaka 2015 bila mtu kuichukua.

Kwa kalamu yangu mwenyewe nikapiga hesabu: mita tatu za waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, kwenda na kurudi, yaani mita sita kwa jumla, zina ukinzani (kiasi cha kuuzuia umeme, hupimwa kwa omu) wa omu 0.04 hivi, na spika yangu ni ya omu 8. Ni nusu ya asilimia moja ya ukinzani wa spika, na hata waya bora kabisa hauwezi kuokoa zaidi ya hapo. Kwa hilo nililipa 1,400,000.

Lakini lililonikosesha usingizi ni waya wa umeme. Fundi aliuchana, akakuta chini ya ule msuko na mpira mzito nyaya tatu nyembamba za kawaida, na waya wa ethi, ule wa kumkinga mtu na shoti umeme ukivuja, haujaunganishwa popote. Amplifaya yangu ina kasha la chuma, na wajukuu huishika. Huyu afikishwe Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. TBS, Shirika la Viwango, waukague mzigo wake wote. Arudishe fedha ya kila mtu. Kisha afungwe kitambaa machoni, akalishwe kwenye kiti kile kile, atutajie waya upi ni upi mbele ya wote aliowauzia, na kila akikosea alipe tena.

Dalili zilikuwepo, sikatai. Risiti ya mkono badala ya ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi, kiti kimoja, hataki uje na mwenzako, na kitufe cha sauti hagusi mwingine. Sasa nasikia anauza pia vibandiko vya kubandika juu ya fyuzi.

Tangu Jumanne hapokei simu yangu, na inasemekana amehamia Kinondoni na mapazia yake. Mwenye waya wake wa zambarau asiuchomeke tena. Aje nao Jumapili, fundi atakuwepo na koleo lake.