Ubao wa kujisawazishia nyumbani: upi ununue kabla ya kusi

Mawimbi ya Malindi huamka pepo za kusi zikivuma, Juni hadi Septemba hivi, nami naishi Nairobi. Kutoka sebuleni kwangu hadi Mombasa ni kilomita 480 na ushei, na bado hujaanza kupanda kuelekea Malindi. Mwaka ukinikalia vizuri napanda mawimbi siku kumi na mbili. Siwezi kumfikia kijana wa pale ufukweni anayeingia majini kila akitoka shule. Ninachotaka ni kidogo tu: nisirudi kila Juni na miguu ya mgeni.

Kwa ajili hiyo, miaka sita sasa nimekuwa nikinunua, kuazima na kuchongesha vifaa vya kujisawazishia. Kimoja kilivunja kioo cha meza, kingine kilinigombanisha na jirani wa chini. Hapa nimevipanga kuanzia kile ambacho ningekinunua tena kesho hadi kile ambacho ningekipita dukani bila kugeuka.

Kwanza ujue unanunua myumbo gani

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, husema wenye vyombo. Kwa mpanda mawimbi hayo ni maelezo ya kazi kabisa. Umesimama ubavu, mguu mmoja kuelekea omo, yaani mbele, mwingine kuelekea tezi, yaani nyuma. Ukihamishia uzito mbele, ubao unashika kasi; ukizidisha, pua inazama nawe unatangulia kichwa. Ukirudi nyuma, mwendo unapungua, mapezi ya chini ya ubao yanashika maji, na hapo ndipo kona hupigwa. Kila safari lazima urudi katikati.

Myumbo wa pili ni wa ubavuni. Ukikandamiza kwa vidole, ubao unalalia upande mmoja. Ukikandamiza kwa visigino, unalalia upande wa pili. Kugeuka juu ya wimbi ni kuchanganya hiyo miwili kwa wakati mmoja.

Karibu kila kifaa sokoni kinafundisha mmoja tu kati ya hiyo miwili, na muuzaji hakuambii ni upi. Mimi nilinunua viwili vya mwanzo bila kujua, vyote vya tezi na omo, kisha nikashangaa kwa nini bado naanguka kwa upande wa visigino.

Jambo jingine la kulimeza mapema: watafiti waliowapima wapanda mawimbi kwa saa walikuta karibu nusu ya muda majini inakwisha mtu amelala kifudifudi akipiga maji kwa mikono, sehemu kubwa ya muda uliobaki akisubiri, na kusimama juu ya wimbi kunachukua kama asilimia 4 au 5 tu. Hakuna ubao wa sebuleni utakaokupa mabega. Ikiwa mfuko unaruhusu kitu kimoja tu na hujui kuogelea vizuri, funga ukurasa huu ulipie bwawa la kuogelea.

Nambari 1: ubao na rola

Ubao mfupi juu ya mche wa duara unaobingirika. Wanasarakasi wamecheza nao tangu zamani, na Marekani ya miaka ya 1950 iliuziwa toleo lake la nyumbani kwa jina Bongo Board. Lililowafaa watu wa bahari hasa ni Indo Board ya Hunter Joslin, mpanda mawimbi wa Florida. Ubao wake wa kawaida una urefu wa sentimita 76 na upana wa 46, na rola yake ina kipenyo cha sentimita 16 na nusu hivi.

Naiweka juu kwa sababu inafundisha tezi na omo kwa ukali ambao hakuna kingine kinaukaribia. Wiki ya kwanza unapigana nayo. Wiki ya tatu unagundua kwamba umeacha kupigana, magoti yamekunjika yenyewe na mabega hayatikisiki. Mtazame mvuvi anayesukuma mtumbwi kwa pondo amesimama: juu ya kiuno ametulia kama anayesubiri chai, kazi yote iko chini. Rola inakufikisha huko, au karibu na huko.

Unapochagua, geuza ubao uutazame chini. Lazima kuwe na vizuizi, yaani vipande vya mbao vilivyofungwa kila mwisho ili rola isichomoke. Ule uliovunja kioo cha meza yangu haukuwa navyo. Niliuagiza mtandaoni kwa bei ya kutupa. Picha ilikuwa ya upande wa juu peke yake, nami sikuuliza. Rola ilitoka upande mmoja, mimi upande mwingine, na ubao ukaenda kwenye kioo.

Uliza pia kipenyo cha rola. Rola nene inakuinua zaidi na mteremko unakuwa mkali, kwa hiyo ngumu zaidi. Kwa mtoto au mtu mzima mwenye hofu, sentimita 12 au 13 zinatosha kuanzia. Halafu uzito: usikubali maneno "inabeba mtu yeyote." Kama muuzaji hana kilo za kukutajia, hajui anachouza.

Tatizo ni bei. Kwa kampuni zinazojulikana utalipa zaidi ya dola 100, kisha usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada ndogondogo za bandarini ambazo kila mwaka zinapata ndugu mpya. Ndiyo maana sehemu inayofuata ni ndefu.

Au mpelekee fundi

Huu ndio ushauri ninaoutoa kwa wengi wanaoniuliza. Mafundi wa Gikomba au wa Barabara ya Ngong wanaotengeneza vitanda na kabati watakuchongea ubao huu kwa alasiri moja, na wangu haukufika robo ya bei ya kuagiza. Lakini nenda na vipimo mkononi, la sivyo utarudi na mlango wa kabati.

Plywood ya milimita 18, inchi 30 kwa 18, pembe zimeviringwa. Isiwe chipboard, chipboard haipindi, inakatika. Shiti ya futi nane kwa nne inatoa mbao nane za kipimo hicho: tano zikisimama kwenye ukanda wa inchi 30, tatu zikilala kwenye ukanda wa inchi 18 unaobaki, ukipoteza milimita chache tu za msumeno. Kwa hiyo tafuta wenzako saba, au nunua kipande kilichobaki kwa fundi mwenyewe. Vizuizi viwe vya mbao ngumu, vigundishwe na kupigwa skrubu, wala siyo misumari, sentimita tano kutoka kila mwisho. Juu mwambie asipake vanishi inayong'aa. Bandika msasa, au acha mbao tupu iliyopigwa randa.

Rola ndiyo penye kasoro. Bomba la PVC la inchi sita la maji machafu linapatikana kila hardware, nalo ni jembamba. La kwanza lilipasuka chini ya kilo zangu 82 kabla mwezi haujaisha. La pili nilimwambia fundi akate visahani vitatu vya mbao vya kuingia ndani kwa kubana, kimoja kila mwisho na kimoja katikati. Mwaka wa nne huu. Nje nimelizungushia blada ya tyubu ya pikipiki: inashika ubao, na jirani wa chini ameanza tena kujibu salamu yangu.

Juu ya vigae rola inakwenda kama imepakwa mafuta. Anza juu ya zulia au mkeka mzito, ukiwa mbali na meza, ukuta ukiwa karibu kiasi cha kuugusa kwa ncha za vidole. Miguu pekupeku, na macho yatazame mbele. Ukiutazama ubao unaanguka, kama majini tu.

Nambari 2: mto wa hewa

Mto wa duara wa raba uliojazwa upepo, unaowekwa chini ya ubao uleule mahali pa rola. Indo Board wanauza wa inchi 14 na mwingine mkubwa zaidi. Bosu, ile nusu ya mpira iliyobuniwa na David Weck mwaka 1999 na kujaa kwenye gym zetu, ni ndugu yake.

Huu ndio unaokupa ubavu. Unainama kila upande, kwa hiyo vidole na visigino vinafanya kazi ambayo rola haiwaulizi. Hauna makelele, hauchomoki, na ukianguka unaanguka kutoka kimo cha kiatu. Mwenye goti bovu, mzee, au mama aliyejifungua karibuni aanzie hapa, na kwake hii ndiyo nambari moja, baada ya kuongea na mtu wa fiziotherapia.

Kuna zoezi moja linalouweka juu ya vingine vyote: kuruka kusimama. Lala kifudifudi, viganja chini ya kifua ukishika kingo za ubao, kisha ruka miguu yote miwili iingie mahali pake kwa pigo moja. Kwenye sakafu kila mtu anaweza. Kwenye mto, ukitua na uzito umeegemea visigino, utajua papo hapo. Ukizoea hapo, majini unashangaa umesimama kabla hujafikiri.

Kosa lake ni kwamba unazoeleka upesi. Baada ya miezi miwili mitatu mwili umeshaujua. Punguza upepo kidogo uongeze maisha yake. Na uangalie kifuniko cha valvu: ile ya kuchomeka kwa kidole hutoka, ile ya skrubu inadumu.

Nambari 3: skeiti ya mawimbi

Kwa mtu anayesimama juu ya wimbi tayari lakini hajui kugeuka, ningeipandisha hadi nambari moja bila kusita. Ni skeiti yenye ekseli ya mbele inayopinda kuliko kawaida, ili uweze kujiongezea mwendo kwa kuzungusha nyonga na mabega bila mguu kugusa chini. Kampuni ya Carver ilianza hivyo Venice, California, katikati ya miaka ya 1990: Greg Falk na Neil Carver walitaka kitu cha kuteleza nacho siku ambazo bahari imelala. Ekseli yao ya C7 ina springi, inalegea sana na ndiyo inayofanana na maji kuliko zote. CX haina springi, ni nyepesi na imara zaidi kwa anayeanza. SmoothStar ya Australia na YOW ya Hispania wana zao. Maduka ya michezo ya Decathlon huuza ya bei nafuu kidogo ambayo haina aibu.

Sasa turudi Nairobi. Kifaa hiki kinataka lami laini au saruji iliyopigwa vizuri, na mtaa wangu una mashimo yenye majina. Mimi hutumia maegesho ya jengo Jumapili asubuhi, magari yakiwa kanisani. Kuna uwanja wa skeiti wa Shangilia kule Kangemi. Wa Kampala wana wao wa Kitintale. Kama huna mahali pa aina hiyo, utakuwa umenunua pambo la ukutani la zaidi ya dola 200.

Na ardhi si maji. Kofia ngumu na kinga za viganja ni sehemu ya bei, zihesabu kabla ya kulipa. Nilivunjika kidole cha mkono Aprili moja nikajinyima msimu mzima. Siku kumi na mbili zote.

Nambari 4: kisahani cha kuyumba

Kile cha duara chenye nundu katikati, wanachokitumia hospitalini kurudisha nguvu za kifundo cha mguu. Ni kizuri kwa kazi hiyo, nami nilikipenda nilipoteguka. Kwa mawimbi ni kidogo mno: miguu inabanana, huwezi kusimama kama unavyosimama juu ya ubao. Kinapatikana kwa bei ndogo kwenye maduka ya michezo, na ndiyo sababu wengi hukianza, wakachoka.

Nambari 5: utepe wa kutembelea

Slackline kwa wenyewe. Unafungwa kati ya miti miwili, mara nyingi una upana wa sentimita tano. Unafurahisha watoto na wageni wa Jumamosi. Lakini unatembea ukitazama mbele, mguu mbele ya mguu, na hilo si umbo la mwili unalolihitaji majini. Nilimpa binamu yangu mwenye miembe.

Ukinunua kilichotumika

Wageni wanaohama nchi huuza vitu hivi kila mara, na kimoja changu nilikipata hivyo. Ubao uutazame kwa mwanga wa pembeni: ukiona ufa wa mstari kutoka kizuizi kuelekea katikati, ondoka. Rola iviringishe kwenye sakafu tupu. Ikigeukia upande, imepinda na haitanyooka. Mto ujaze upepo, ukalie, unywe chai ukiwa juu yake. Skeiti ikamate ekseli ya mbele uitikise: ikigonga badala ya kuzunguka, beringi zimekwisha, na kupata vipuri vya springi hapa ni kuagiza na kungoja. Mpaka vifike, kusi imepita.