Kupanga pini upya au kununua silinda mpya?
Mpangaji kahama, ufunguo mmoja hajaurudisha. Ubadili pini za kitasa, vile vijiti vidogo vya chuma vilivyo ndani ya silinda (sehemu inayoingia ufunguo), au ununue silinda nyingine uachane na kesi?

Kwa gharama, pini zinashinda, ila lazima uwe na ufunguo unaofungua silinda hiyo. Toa klipu ya nyuma, zungusha ufunguo kidogo, kisha sukuma moyo wa silinda, sehemu inayozunguka na ufunguo, utoke huku kijiti cha unene uleule kikiufuata. Vikiachana hata upana wa unywele, springi zinaruka. Yangu moja niliikuta ndani ya kiatu. Pini za chini, zinazogusa ufunguo, huchaguliwa kufuata meno ya ufunguo mpya, zilale sawasawa na uso wa moyo. Moja ikichomoza, haufungui.

Silinda mpya ni skrubu moja ubavuni mwa mlango, mradi urefu ulingane. Na kama ya zamani imeshalika, pini mpya haziiponyi.

Matunzo ni yaleyale: unga wa grafiti, si mafuta ya kupikia, yananasa vumbi.

Mwenye vyumba sita vya kupangisha, mkebe wa pini utamfaa. Mwenye mlango mmoja na subira fupi aende dukani, silinda ya zamani mkononi.