Mia tano ya Ijumaa: yaliyonikuta shule ya msingi ya mtaani kwetu

Kama una mtoto na unafikiria kumwandikisha shule ya serikali ya mtaani kwetu huku Mbagala, soma kwanza haya. Jina la shule silitaji. Kwa hasira niliyonayo leo nakwambia usimpeleke. Ungeniuliza mwaka juzi, ningekusindikiza mwenyewe mpaka ofisini.

Nianze na paja la mwanangu.

Ilikuwa Ijumaa moja ya muhula uliopita, jioni. Binti yangu yuko darasa la tatu, ana miaka 9, na siku hizi anaoga mwenyewe. Siku hiyo nilimkamata nimsugue visigino maana alikuwa amecheza mpaka amekuwa mwekundu kwa vumbi. Nikaona wino juu ya goti. Nikapandisha macho. Paja lote la kulia limeandikwa kwa kalamu ya bluu: 1 B, 2 D, 3 A, hivyo hivyo mpaka 20. Kwenye namba 14 alikuwa amekata, akaandika upya pembeni. Nikamuuliza, "Mbona unajichora mwili?" Akanishika mkono. "Mama usifute! Jumatatu mwalimu atasahihisha ubaoni, nataka nijue nimepata ngapi."

Kumbe mtihani alikuwa ameufanyia nje.

Iko hivi. Pale shuleni kuanzia la tatu wana mtihani wa kila Ijumaa. Karatasi zinatolewa kopi na kila mtoto anatakiwa aje na 500. Asiyekuja nayo anatolewa nje mpaka wenzake wamalize. Asubuhi hiyo sikuwa nayo, mteja alikuwa hajanilipa gauni lake, nikamwambia mtoto, "Mwambie mwalimu mama ataleta Jumatatu." Akafika, akasema hivyo, akatolewa. Begi na madaftari vikabaki ndani, kalamu tu ilikuwa mfukoni mwa shati. Sasa lile darasa madirisha yake hayana vioo, ni nondo tu, na rafiki yake anakaa dawati la ukutani. Yule mtoto wa watu, Mungu ambariki, akawa anaisogeza karatasi yake kwenye nondo, wangu kapanda juu ya tofali huko nje anasoma maswali. Majibu akaandika pajani, chini ya sketi, kwa sababu hakuwa na pa kuandika.

Nilimwogesha kwingine kote, paja nikaliacha. Usiku ule tukakaa kitandani na taa ya simu, tukanakili yale majibu moja baada ya jingine kwenye daftari, maana wino ulishaanza kutoka kwa jasho. Jumatatu wakasahihisha. Alipata 17. Hakuna aliyeiandika hiyo 17 popote, kwenye orodha ya mwalimu ameandikiwa "hakufanya".

Jumatatu hiyo hiyo nilifunika cherehani nikaenda shuleni, na 500 nimeikunja mkononi. Sikwenda kugombana, naapa. Nilitaka kulipa na kuuliza swali moja tu. Nikaelekezwa kwa mwalimu wa taaluma. Kijana mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho, anakunywa chai na chapati huku anapekua simu. Kwa mila zetu yeye ndiye wa kunipa shikamoo. Basi nikasema yaishe, nikamsalimia mimi: "Habari za asubuhi, mwalimu."

Hakuitikia. "We mama, una shida gani?"

Nikamweleza. Akasema mtihani unachapishwa kwa hela, wasipotoa karatasi itatoka wapi. Nikamwambia sawa, hela hii hapa, ila naomba kuelewa: kwa nini mtoto atolewe nje? Si angekaa ndani hata akaandika maswali kwenye daftari lake? Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, na akanijibu kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, walikokaa wazazi wengine watatu wakisubiri zamu:

"Kama mia tano inakushinda, ulizaa ya nini? Wenzako wanalipa mamilioni Inglishi Midiamu."

Ulizaa ya nini. Huyu mtoto nilimpata baada ya miaka 8 ya ndoa, nimeitwa kila jina ukweni. Yule kijana hayajui hayo wala hakuwa na haja ya kuyajua. Lakini mwalimu anayelelewa na kodi zetu anamwambiaje mzazi maneno yale mbele ya watu, na chapati mdomoni? Mpaka leo nikikanyaga cherehani neno hilo linanirudia kwenye kila mshono. Mia tano niliiacha mezani, nikatoka. Kwa hiyo mtu akiniuliza shule ile ikoje, jibu langu la kwanza ni hilo: ina mwalimu wa kumwambia mzazi "ulizaa ya nini", na walimu wenzake wawili waliokuwa ofisini wakainamia madaftari kama hawakusikia.

Ningeishia hapo kama si yule mama anayefundisha darasa la kwanza.

Alinifuata mpaka chini ya mwembe karibu na geti. Nikafuta macho, nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu. Nimesikia. Pole." Huyu ndiye aliyemfundisha binti yangu kusoma, na lazima niseme habari zake hata kama nina hasira, maana nisipozisema nitakuwa mwongo. Mwanangu aliingia la kwanza hajui a wala be. Darasani walikuwa watoto 130 na kitu, wakati utaratibu wa serikali ni watoto 45 kwa darasa. Dawati la watoto watatu wanakaa wanne, watano, na wa mbele kabisa wanakaa chini. Mwalimu mmoja. Yule mama alikuwa na ndoo ya vizibo vya soda alivyookota mwenyewe kwenye baa, watoto wanahesabia hivyo. Aliwagawa mafungu, fungu moja anabaki nalo baada ya kengele, kila siku fungu lake, bila kudai shilingi. Mwaka haujaisha, siku moja tuko kituoni Rangi Tatu, mtoto akainua kidole kwenye daladala akasoma taratibu, silabi kwa silabi: "Ma-chi-nga Kom-pleksi." Nililia mbele ya konda. Nimewahi kuona watoto wa mabasi ya njano wanaolipiwa ada ya milioni na zaidi, la pili bado wanakisia maneno kwa kuangalia picha. Kwa hiyo anayesema Kayumba, yaani shule hizi za serikali, hakuna elimu, mimi simkubali.

Pale chini ya mwembe yule mama akaokota kijiti, akaniandikia mchangani. Elfu 10 ndiyo ruzuku ya serikali kwa kila mtoto wa msingi kwa mwaka. Elfu 4 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Elfu 6 ndiyo inayoshuka shuleni. Gawa kwa miezi 12. Akapiga mstari, akaandika: 500. "Mia tano kwa mwezi, mwanangu. Humo kuna chaki, kuna kurekebisha madawati, kuna michezo, kuna karatasi za ofisi, kuna mitihani. Chaki za darasani kwangu nanunua mwenyewe tangu Machi."

Nikaitazama ile 500 mchangani. Serikali inaleta 500 kwa mwezi, shule inamtaka mtoto 500 kila Ijumaa. Kidogo roho ikashuka. Nikaona hata yule kijana wa taaluma anabeba mzigo asioujua mwanzo wala mwisho wake. Nilirudi nyumbani nikisema nimesamehe.

Haikufika jioni. Mimi ni fundi, maisha yangu ni kupima na kuhesabu. Kopi mtaani kwetu ni 100 kwa ukurasa, ukienda na nyingi wanakupunguzia. Karatasi ile ya mtihani ina kurasa mbili. Hiyo ni 200. Iliyobaki 300 inaenda wapi, mara watoto mia na kitu, mara kila Ijumaa? Nikamuuliza yule mama siku nyingine, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba humo humo analipwa mlinzi wa usiku na anayefagia vyoo. Sawa, mlinzi lazima ale. Basi tuambieni kwamba ni hela ya mlinzi! Tuiteni wazazi, muandike ubaoni imeingia ngapi na imetoka ngapi. Risiti hakuna, hesabu hakuna, kuna mtoto juu ya tofali.

Na sheria yenyewe si siri. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alinieleza: Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, ukaanza kutumika Januari 2016. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni hadharani, akasema mzazi mwenye hiari ya kuchangia aende kwa mkurugenzi. Hivi vitu vinajulikana mpaka kwa mwalimu mkuu. Sasa mtoto wa la tatu anaadhibiwa kwa kosa la nani?

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwa makusudi, saa nne, nikapita nyuma ya madarasa. Nikahesabu watoto 31 nje, wengine wamechuchumaa kivulini, wengine wanachora mchanga. Wasichana sita walikuwa wamevaa sketi nilizoshona mimi. Nazijua kwa pindo. Sare nikishona naacha pindo refu, vidole vinne, ili mtoto akirefuka mama ateremshe asinunue nyingine. Zile sita karibu zote nilishona kwa mkopo, mama zao wananipa 1,000, 2,000 kila wiki, na mmoja alinimalizia kwa vitumbua. Ndio hao ambao mtu anataka wawe na 500 kila Ijumaa. Niliwaita waingie darasani pamoja nami. Hawakuthubutu. Wa kwangu siku hiyo alikuwa ndani, alikuwa amelipiwa, na aliponiona dirishani akainamisha uso.

Mambo mengine ya shule hiyo nayapitia haraka. Vyoo vya wasichana havifungiki. Kila mtoto anakwenda na kidumu cha maji. Uji wa saa nne mzuri kwa anayelipia. Kiingereza wanajitahidi. Mchakamchaka upo, watoto wanaimba vizuri asubuhi na mtaa mzima unaamka nao, hilo nalipenda.

Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama. Nilikuwa natetemeka, sijawahi kushika kipaza sauti. Nikasema mwanangu ameandika mtihani kwenye paja. Ukumbi ukanyamaza, ndipo akasimama mama mwingine, halafu baba mmoja dereva wa bodaboda akasema wake alikuwa anatoroka kila Ijumaa na yeye alidhani ni utundu, akamchapa. Yule baba alishindwa kumaliza kuongea. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, alitusikiliza mpaka mwisho, akasema kuanzia siku hiyo hatolewi mtoto nje. Nikampigia makofi. Mwalimu wa taaluma alikuwa amekaa pembeni yake, mikono kifuani. Nilimsubiri mlangoni, nikidhani hata "samahani mama" itamtoka. Alinipita.

Je, ahadi imetimizwa? Nimekwenda Ijumaa mbili baada ya hapo. Nje hakuna mtoto. Ndani, nyuma kabisa, wasiolipa wanakaa sakafuni, wananakili maswali ubaoni kwenye madaftari yao. Mtihani wa saa moja, nusu saa inaishia kwenye kunakili. Lakini wanaandika, na majina yao yanaingia kwenye orodha. Mwanzo nililiona ni jambo kubwa. Nilipokaa nikafikiria wale wa sakafuni wanavyojisikia wakigeukiwa na wenzao, hasira ikapanda upya, na hasira hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Nimefikiria kumhamisha. Nimeuliza bei Inglishi Midiamu ya karibu, nikailinganisha na hela ya sare ninazoshona kwa mwezi, haiingii hata nikilala na cherehani. Na hata ingeingia, mtoto mwenyewe hataki. Anasema akihama nani atamsogezea karatasi rafiki yake siku yule naye akikosa hela.

Jirani yangu ana kijana wa kuanza la kwanza Januari, jana kaja kuniuliza ampeleke au asimpeleke. Nimemwambia ampeleke, na awahi kuandikisha, amwombee mtoto akae kwa yule mama wa vizibo kabla hajastaafu. Halafu akifika la tatu, kila Ijumaa saa nne aache kazi yake, apite nyuma ya madarasa, achungulie kwenye nondo.